Mlima Haukuamka, Nafula

Nafula, mtoto wa dada yangu,

Jumamosi nampeleka mama yako kule juu. Ameniomba nimwonyeshe mahali ulipolala. Na mimi mjomba, khocha wako, mimi ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nikatwe kitovu, sijui ni wapi.

Ngoja. Nimeanza na mkia. Ungekuwa hapa ungeniambia, "Khocha, rudi nyuma, anza na kichwa cha ng'ombe." Basi narudi.

Naandika nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Kiminini. Mama yako ako jikoni na mke wangu, wanachambua kunde. Nilimtoa kule mlimani, Nafula. Hilo nilitaka ulijue kwanza ili usihangaike huko uliko. Mama yako ni mzima. Anakula, ingawa anakula kama mtu anayeionea sahani huruma.

Mwandiko wangu usiuseme. Unajua niliachia shule darasa la sita. Nilikueleza vile mwalimu mkuu alikuja hadi kwetu akapiga magoti, akilia nisitoke, ati shule itabaki bila akili. Ukaniuliza, "Khocha, kwani hiyo shule ilikuwa na mwanafunzi mwingine?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Ni wewe peke yako uliyeweza kunikata katikati ya hadithi nisikasirike. Pale soko la ng'ombe Kimilili, ninapowauzia watu mifugo yao, mtu akinikata hivyo tunashikana mashati.

Watu wengine wanamkumbuka Mwalimu Nafula wa jiografia, amesimama mbele ya ubao na chaki kwenye nywele. Mimi nakukumbuka kwenye kile kiti cha hospitali Bungoma. Umeegama, mkono umenyooshwa, damu inatoka, inaingia kwenye mashine, inaoshwa, inarudi. Na mimi kando yako kwenye stuli ya plastiki, nakupigia hadithi ili usiangalie ile mipira. Figo zilikuwa zimekataa kazi lakini kichwa chako kilikuwa bado kinafanya kazi ya watu wanne. Nikakueleza vile nilivuka Mto Nzoia ukiwa umefurika, nimeshika mkia wa fahali, na tulipofika katikati fahali akachoka, ikabidi mimi ndiye nimvute. Nesi alicheka mpaka akaita mgonjwa kwa jina la mwingine. Wewe ukafumba macho, ukasema, "Na mamba je, Khocha?" Nikasema mamba walisimama kando wakatupisha.

Ulitabasamu. Hilo tabasamu nilikuwa nalitafuta kila nikitoka Kiminini asubuhi. Sikukuambia.

Halafu ile siku ardhi ilipotikisika. Unakumbuka. Ilikuwa kidogo tu, kama lori la miwa limepita chini ya sakafu, lakini chupa ziligongana na mashine ikapiga kelele, na watu wakatoka mbio. Mimi sikukimbia. Nilisogea mlangoni kuangalia usalama. Niliporudi ulikuwa pale pale, umefungwa kwa mipira yako, hungeweza kwenda popote, na ulikuwa unanicheka. "Karibu tena, Khocha," ukasema. "Usalama ukoje huko nje?"

Yule mama wa Malakisi wa kiti cha pili ndiye alianzisha. Akasema ni Mlima Elgon unaamka. Ati redio imesema kila siku, mabadiliko ya tabianchi, dunia inachemka, sasa joto limeshuka mpaka chini likagusa moto wa zamani. Mimi hapo nikapata mlango. Nikamwambia mama, mimi hiyo habari naijua siku nyingi, mimi nimeingia ndani ya mlima wenyewe, kule kwenye shimo la juu, nikachemsha mayai kwenye maji ya moto yanayotoka kwenye mawe. Yakaiva kabla sijafungua chumvi.

Ulifungua macho. Nilijua nimeingia darasani.

Ukasema maji ya moto yako kweli, hapo Khocha hajadanganya, ni mayai tu ndiyo amedanganya. Lakini joto la chini si kuamka. Ukasema mlima wetu ulizima zamani sana, kabla mtu yeyote hajapewa jina, na tetemeko kama lile lilitoka mbali, pengine kule kwenye Bonde la Ufa ambako ardhi inavutana kila siku. Nikakuuliza, kwa kujionyesha mbele ya yule mama, "Kwa hivyo hali ya hewa haina neno na matetemeko?" Nilifikiri utasema haina, yaishe. Ukasema, "Ina neno. Lakini ni neno dogo, na mara nyingi si la hapa kwetu."

Nakumbuka vile ulieleza, kwa sababu ulieleza kwa vitu ninavyovijua. Ulisema kuna nchi za baridi ambako barafu nene imelalia ardhi, kama mimi ninavyolalia godoro. Barafu ikiyeyuka, ni kama nimeinuka. Godoro linapanda polepole. Sasa ule moto wa chini uliokuwa umebanwa unapata nafasi, na volkano zinaweza kuwaka zaidi, lakini hiyo ni kazi ya miaka mingi sana, si ya msimu mmoja. Mlima wetu pia uliwahi kuvaa barafu, ukasema, ila ilikwisha zamani, hakuna mtu wa kuinuka kwenye hilo godoro tena. Na mvua kubwa, maji yakizama ndani kabisa ya nyufa za mwamba, yanaweza kusukuma tetemeko dogo ambalo tayari lilikuwa linangoja. "Kama gunia la mahindi limeegemezwa vibaya ukutani," ukasema. "Mtoto akiligusa linaanguka. Lakini si mtoto aliyelijaza." Na hata hilo, ukasema, wasomi bado wanapima, hawajamaliza.

Yule mama wa Malakisi akauliza, sasa tusiogope? Ukageuka. Ukamwangalia yeye kwanza, halafu mimi. "Muogope, lakini muogope kitu chenyewe. Mvua haiamshi mlima. Inaamsha udongo. Khocha, ukiona ufa juu ya nyumba ya mama, usiangalie kilele. Angalia ufa."

Baada ya hapo ulilala. Ulichoka haraka siku hizo.

Nafula, siwezi kuandika ile wiki. Nimejaribu hapa nikakata mistari yote. Nitasema tu kwamba nilikuwa njiani nakuja, na nilikuwa na hadithi mpya ya ndama aliyezaliwa na meno yote, na nilifika stuli ikiwa imeondolewa.

Mazishi uliyaona mwenyewe, kama nyinyi mliotangulia mnaona. Wazee wa upande wa baba yako walitaka uzikwe kule ukingoni, nje ya ua, ndiyo desturi kwa binti ambaye hajaolewa. Mimi nikasimama. Nikasema huyu amefundisha watoto wenu mpaka wakajua dunia ni mviringo, hawezi kuwekwa mpakani kama mgeni aliyekosa kitanda. Wote wakanyamaza kimya. Sawa, hawakunyamaza, baba yako mdogo alinionyesha kidole muda mrefu. Lakini khocha ni khocha. Kwetu ndugu ya mama akisimamia mtoto wa dada yake, watu wanamsikiza hata kama hawampendi. Wakakubali ukae nyuma ya jikoni, pale juu kidogo kwenye migomba, mama yako akipika awe anakuona kwa dirisha.

Na alikuwa anakuona. Alikuwa anakusalimia kabla ya kuwasha moto. Mke wangu alimsikia. "Umeamkaje, Nafula," halafu anapuliza kuni.

Sasa mvua. Mvua ya mwaka huu haikusoma kalenda. Ilikuja watu hawajapanda, ikakataa kwenda watu wakiwa wanataka kupalilia. Ilinyesha mpaka vyura wa Kimilili wakaomba mwavuli. Hapana, hiyo ni yangu, isamehe. Lakini ilinyesha kweli. Nilipanda kumwona mama yako nikakuta mlango wa jikoni haufungi, fremu imepinda. Kisima chake cha chemchemi kimekuwa rangi ya chai, na maji yametokea mahali pengine chini zaidi, penye hapakuwahi kuwa na maji. Mibuni ya jirani imeinama yote upande mmoja kama watu wanaosikiza siri. Na juu ya migomba, juu yako, kuna ufa. Mguu wa ndama ungeingia.

Unamkumbuka jirani yenu Simiyu, yule mwenye simu kubwa kuliko Biblia. Simiyu alikuwa ameona kwenye simu nchi fulani mawe yameyeyuka yanatembea kama uji mwekundu, na watu wanakusanya udongo kuyageuza yasiingie kijijini. Akaona ule ufa, akakumbuka tetemeko, akasikia redio na mambo yake ya joto la dunia, akajumlisha. Akawaambia watu wa pale juu, mlima unaamka. Kanisa zima likamwamini. Wakafanya nini? Nafula, walichukua majembe wakachimba mtaro mrefu, juu ya nyumba zote, kukata kilima kutoka upande huu hadi ule, ili moto ukishuka uingie mtaroni upite pembeni kwenda bondeni. Vijana wakawekwa zamu ya kutazama kilele kama kinatoa moshi. Na wewe unajua kile kilele, kila asubuhi kina wingu. Kila asubuhi mtu anapiga kelele, "Moshi!" Watu wanatoka na magodoro.

Mtaro haukuwa na mahali pa kutokea. Mvua ikaujaza. Ukawa bwawa refu, jembamba, limelala juu ya vichwa vya watu. Maji hayakukaa pale, yalikuwa yanashuka, yananyweka, yanaingia kwenye ufa. Na Simiyu amesimama kando yake na buti, amefurahi. Akaniambia, "Umeona, mzee? Hata maji yameingia yenyewe. Moto ukija utazimika!"

Hapo maneno yako yalinijia yote. Si moja moja. Yalikuja kama ng'ombe wakitoka zizini.

Nikasema. Nikawaambia watu pale kwenye mtaro, mlima hauamki, mlima ulizima zamani. Angalieni ufa. Fungueni huu mtaro maji yatoke upande wa mawe, na nyinyi mlio chini hameni kwanza. Wakaniangalia. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote.

"Si ni wewe ulichemsha mayai kule juu?"

"Fahali ndiye alikuambia?"

"Leo umekuwa mwalimu, bana!"

Nafula, mimi nimeuza ng'ombe kipofu kama ng'ombe mwenye haya. Nimeuza mbuzi mzee kama mbuzi mwenye hekima. Siku hiyo nilikuwa nimeshika kitu kizima, kisicho na kasoro, na hakuna hata mtu mmoja aliyenyoosha mkono. Nikawa natamani uwe pale na chaki yako. Wangekusikiza. Wewe ulikuwa ukisema kitu, kinabaki kimesemwa.

Nikaingia jikoni kwa mama yako. Alikuwa anakoroga ugali na hakugeuka. Nikamwambia polepole, nikiogopa kuongeza hata punje ya chumvi. Nikasema mvua haiamshi mlima, inaamsha udongo. Nikasema si kilele cha kutazama, ni ufa.

Mwiko ukasimama.

"Hayo si maneno yako," akasema.

"Ni ya nani?"

"Ni ya Nafula. Wewe hujui kusema kidogo."

Akaketi kwenye kigoda akafunika uso na leso. Ugali ukaungua na hakuna aliyeutoa. Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kuhesabu kuku watakaobebwa. Akainua uso akaniambia ameniamini, ufa ameuona, mlango ameuona, na haendi. "Nikienda, huyu nitamwachia nani?" Akaonyesha dirisha. "Amelala peke yake hospitali usiku mwingi. Sitamwacha peke yake tena."

Sasa utamjibu nini mtu kama huyo? Mhubiri wake alijaribu. Chifu alijaribu, akapewa chai akarudishwa. Mimi nilikaa chini ya ule mgomba wa mwisho, mvua inanipiga, nikafikiri kitu kimoja. Mama yako hasikii mtu, lakini wewe hujawahi kukataa neno langu. Kwetu mtoto wa dada hamkatalii khocha. Mvulana hawezi kwenda kutahiriwa bila kufika kwa khocha wake, na msichana akiagizwa na khocha anakwenda hata kama ananuna. Wewe ulikuwa unanuna sana. Lakini ulikuwa unakwenda.

Nikamwita mama yako akasimama nyuma yangu. Simiyu na wengine walikuwa kwenye ua wanatazama. Nikavua kofia. Nikasema kwa sauti, "Nafula. Ni khocha wako. Leo sikuombi, nakuagiza. Mwachilie mama yako aende. Usimshike."

Nilitaka kuendelea. Nilikuwa na hotuba nzuri. Nikarudisha kofia kichwani.

Mvua ikaendelea. Mama yako akangoja. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Amesemaje?"

Mimi ambaye nimewahi kufanya fahali aongee. Ningeweza kumpa jibu zuri, maneno ya kumfuta machozi mpaka Krismasi. Nikamwambia, "Hajasema kitu. Lakini hajakataa."

Akaitikia kwa kichwa. "Hajawahi kukukatalia," akasema. Akaenda kushika kuku.

Tuliondoka na pikapu ninayobebea ndama. Familia mbili za chini yake zilipoona mama yako anafunga godoro, nazo zikaanza kufunga. Hawakuniamini mimi, waliamini godoro lake. Simiyu peke yake alibaki, lakini watoto aliwapeleka kwa bibi yao. Ati kwa sababu ya baridi.

Udongo ulishuka siku ya soko, mchana, watu wengi wakiwa Kimilili. Wanasema haukuwa na mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayevuta pumzi. Mtaro ulipasuka katikati, kilima kikafunguka kwenye ule ufa, kikatembea na migomba yake imesimama wima kwanza, halafu ikalala. Jikoni lilikwenda. Nyumba ya mama yako ilisukumwa ikakaa upande. Simiyu alipoteza ng'ombe na choo, yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kununua betri. Hakuna aliyekufa, Nafula. Nataka usome hapo mara mbili.

Nilifika jioni hiyo bado jua halijazama. Watu wamesimama mbali, wanangoja moto utoke. Wengine walikuwa wameloweka mablanketi. Mzee mmoja akajitoa, akashuka mpaka kwenye tope, akainama, akaliwekea kiganja. Akakaa hivyo. Akageuka akatuambia, "Ni baridi."

Simiyu aliangalia simu yake kama imemtukana.

Na mimi nikaanza kukutafuta. Nilichukua mti mrefu nikachoma hapa, nikachoma pale. Msalaba hakuna. Migomba iko chini kabisa bondeni, imechanganyika na ya watu wengine. Pale ulipokuwa, sasa ni mteremko laini, wa kahawia, na mawe ambayo hakuna mtu wa kijiji anayeyajua. Nimerudi mara nyingi. Sijui kama uko hapo hapo chini ya ule mzigo, au ulishuka nao, au uko wapi. Nilipigania wazee wakuweke pale nyuma ya jikoni na sasa hata nyuma ya jikoni hakuna.

Mama yako nilimwambia nyumba imeharibika. Hakulia. Akauliza tu, "Na Nafula?" Nikasema tope ni jingi, tungoje likauke. Sasa limekauka juu. Jumamosi nimpeleke.

Simiyu, na sasa ananiheshimu kweli, ameniita mwalimu mbele ya watu, ndiye alinipa shauri. "Mwonyeshe tu mahali, mzee. Weka jiwe, weka msalaba mpya. Atalia, atapona. Nani atajua?" Si shauri baya. Nimeshachagua jiwe. Ni jeupe kidogo, liko mahali pazuri, mtu akisimama hapo anaona mpaka mwanga wa mabati ya Kimilili. Naweza kusema nililijua kwa sababu lilikuwa kwenye kona ya kaburi. Nitalisema vizuri. Hii ndiyo kazi ninayoijua, Nafula. Hii siwezi kushindwa.

Naacha hapa. Mke wangu ananiita.

* * *

Leo ni Jumapili. Walipokwenda kanisani mimi nilibaki nikuandikie.

Tulikwenda. Simiyu alikuwa ametutangulia, ameweka jiwe vizuri, amelipangusa hata tope. Mama yako alipanda polepole akishika mkono wangu. Alikuwa amevaa ile gauni ya Pasaka. Tulipofika kwenye ukingo wa udongo akasimama. Aliangalia juu, akaangalia chini, akatafuta dirisha la jikoni kwa macho, unajua, mtu anavyotafuta kitu ambacho mkono umezoea. Halafu akaniangalia.

"Ni wapi?"

Simiyu akaniangalia pia, akageuza kichwa kidogo kuelekea jiwe.

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga. Na mama yako ananitazama vile vile alivyonitazama kwenye mvua akiuliza umesemaje, macho yake yametulia, ananiamini. Hakuna mtu sokoni amewahi kuniangalia hivyo. Nikajiona namweka dada yangu mbele ya jiwe mpaka azeeke, anapalilia, anasalimia, analimwagia maji, na wewe hauko. Nikajiona mimi peke yangu duniani najua kwamba hauko.

"Sijui, dada," nikasema. "Nimetafuta. Sijui."

Simiyu akatazama buti zake.

Nilingoja aanguke. Nilikuwa nimeshafungua mikono nimshike. Hakuanguka. Akaachia mkono wangu, akafunga leso kiunoni imara, akapiga hatua moja mbele. Akaweka viganja kando ya mdomo. Na akakuita. Nafula, akakuita kama vile alikuwa akikuita ukiwa shamba la mbali na chakula kimeiva, ile sauti ndefu, inayopanda mwishoni. "Nafulaaa!" Ilikwenda mpaka bondeni, ikarudi. Watu waliokuwa wakilima upande wa pili wakasimamisha majembe.

Akaita tena. Akasema, "Umeamkaje huko!" Halafu akaniambia bila kugeuka, "Popote alipo hapa, amesikia. Na wewe mwite."

Nikakuita. Sauti yangu, ambayo inajulikana kutoka Kimilili hadi Kitale, ilitoka kama ya ndama. Lakini nilikuita.

Akalia akiwa ameketi kwenye majani, muda mrefu, na mimi kando. Simiyu alitoa kofia akakaa naye. Tulipoondoka hakuna aliyeligusa jiwe. Mama yako hakuuliza ni la nini.

Usiku hakula sana, lakini asubuhi alikula. Aliomba chumvi.

Ahadi yangu ni hii, na umeniona nikiahidi mambo mengi, hii uihesabu tofauti. Kesho mimi na Simiyu na wale vijana wa kutazama moshi tunapanda na majembe. Mtaro ule mabaki yake yako bado upande wa pili, juu ya nyumba za watu, na mvua fupi hazijaja. Tutaufungua maji yapate njia. Wakiuliza nani amesema, nitawaambia ni wewe, na nitasema maneno yako kama ulivyoyasema, nisiongeze fahali. Na kila siku ya soko, kabla sijashika kamba ya ng'ombe yeyote, nitapanda pale ukingoni nikuite. Mama yako akiwa na nguvu atakuja. Asipokuwa nazo nitakuita kwa niaba ya wawili.

Lala, mtoto wa dada yangu. Mama yako ako na mimi. Sasa anaita watu waje kula, na jina langu ndilo la kwanza.

Khocha wako,
Kiminini